Kabla Hujaniuliza Shule, Niambie Nyumbani Mnamwambiaje Maji

Jumamosi iliyopita mwanangu alivuka uchochoro, akaenda dukani kwa Mangi, akanunua mkate na kurudi. Alikwenda na noti ya 2,000 na kadi yenye picha ya mkate, akarudi na mkate wenyewe na sarafu ya 500. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya geti la jirani kama mwizi wa kuku, kanga nimeing'ata nisije nikapiga kigelegele nikamharibia. Ana miaka 10, na ana usonji, ile hali ambayo Wazungu huiita autism. Maneno anayoyatoa hayafiki 10, na huyatoa siku anayotaka yeye. Najua kwenye nyumba nyingine mtoto wa miaka 5 hutumwa chumvi na hakuna anayeshtuka. Kwetu safari hiyo ya hatua 40 ilichukua miezi 11.

Nikashindwa kujizuia, nikaiweka status. Zikaja pongezi, zikaja "mashaallah", na usiku ukaja ujumbe wa mama mmoja wa mkoani ambaye huwa ananisoma: "Dada hongera sana. Nitajie hiyo shule na ada yake, nimlete na wangu."

Nimeandika jibu mara tatu nikafuta. Swali hilo ndilo nililoliuliza mimi kwa miaka 4, kwa kila mtu, na ndilo lililonimalizia hela na machozi. Kwa hiyo dada yangu, na wengine mnaoniuliza hivyo hivyo, nawajibu hapa mara moja.

Kwa wasiotujua: tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwanangu amepewa jina la baba mkwe wangu, na kwa adabu tulizolelewa nazo silitamki, kwa hiyo namwita Mzee. Mzee alianza kusema vizuri tu. Alikuwa na "maji", "taa", "baba". Alipokaribia miaka 2 maneno yakaondoka moja moja, kama wageni wanaoaga. Akaacha kuitika jina lake. Akawa anatembea kwa ncha za vidole, na ukimpa mfuniko wa sufuria anauzungusha sakafuni mpaka jua linazama. Tukadhani ni masikio. Yakapimwa, yako sawa. Mhudumu mmoja wa kliniki akanicheka: watoto wa kiume huchelewa kusema, mama, nenda nyumbani.

Nikaenda nyumbani, na nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Kuna aliyeshauri akatwe kimio. Kuna aliyesema ni jini la baharini, kwa kuwa niliwahi kuoga Kilwa nikiwa mjamzito. Alikunywa kombe, akafukizwa, akafungwa hirizi, na tulisafiri hadi kwa fundi mmoja aliyetaka mbuzi mweusi. Mbuzi tulimpeleka. Siwacheki wanaofanya hivyo leo, kwa sababu mtu anayezama hachagui kamba.

Kilichoniuma zaidi ya mbuzi ni mama mkwe wangu, aliyekaa mkekani siku ya Idd akasema mbele ya mawifi wote: "Kwetu hakuna watu wa namna hii." Maana yake wameletwa na mimi. Mume wangu alikuwepo, akatazama simu yake. Idd iliyofuata tuliombwa "tumwache mtoto kwa jirani apumzike". Nilibaki naye nyumbani, tukala pilau wawili. Miaka imepita, tumepatana, lakini pilau ile bado naisikia kooni.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba lawama hizi wala hazikuanzia Kilwa. Daktari mmoja wa Baltimore kule Marekani, jina lake Leo Kanner, alieleza watoto 11 wenye hali hii katika makala yake ya mwaka 1943, na katika miaka iliyofuata wakatokea wasomi wazima na digrii zao wakasema chanzo ni mama mwenye moyo wa baridi, asiyempenda mwanawe. Akina mama wa Ulaya na Marekani walibeba mzigo huo miaka mingi. Mwaka 1977 ndipo watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walipotoa utafiti wa mapacha jozi 21, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao urithi wao wa damu ni mmoja, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Yaani jambo liko kwenye damu kwa sehemu kubwa, halitokani na malezi wala na bahari. Niliposoma hayo nilifunga mlango nikalia. Halafu nikamkumbuka baba mdogo wa mume wangu, ambaye maisha yake yote alipanga kauri barazani kwa ukubwa, hasalimii mtu, na ukimsogezea moja hali chakula siku hiyo. Yeye waliishia kumwita "mkimya". Sisemi kitu.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nikiri na hili: nilimchelewesha mdogo wake chanjo ya surua. Ile ya miezi 9 alikuja kuipata akiwa na mwaka na miezi 4, kwa sababu shoga yangu alinitumia sauti ya mtu anayesema chanjo ndiyo iletayo usonji. Habari hiyo ilitokana na makala ya mwaka 1998 ya daktari mmoja Uingereza. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo daktari akafutiwa usajili. Mimi binti yangu alikuwa anacheza na watoto mtaa mzima bila kinga kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Wapelekeni watoto kwenye chanjo.

Sasa shule.

Mzee alipofika miaka 5 niliuza cherehani yangu ya pili, nikampeleka shule ya awali ya kulipia, ile yenye basi la njano na majina ya Kizungu madarasani. Walipokea ada ya muhula mzima. Wiki ya tatu nikaitwa: "Mama, mtoto wako anawasumbua wenzake, na wazazi wameanza kulalamika." Nikauliza ada. Nikaambiwa hairudishwi, ipo kwenye fomu niliyosaini. Nikipita pale mpaka leo naangalia upande wa pili wa barabara.

Mwaka uliofuata afisa ustawi wa jamii akanielekeza kwenye shule ya msingi ya serikali yenye kitengo. Wengi hamjui kwamba vitengo vya watoto wenye usonji vipo ndani ya shule za kawaida. Msimbazi Mseto pale Ilala ni mfano unaojulikana. Si vingi, na ukikipata utakuta watoto wengi kuliko walimu, lakini vipo, na havina ada. Nilienda nimevaa vizuri, nimejiandaa kubembeleza. Mwalimu wa kitengo, mama wa makamo aliyesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi kule Arusha, hakuuliza vyeti. Aliuliza: "Akitaka maji, nyumbani mnamwambiaje?"

Nikajibu haraka haraka, kumbe sina jibu. Mimi nilikuwa nasema "unataka maji?" Bibi yake akija anasema "kunywa, baba". Baba yake anasema "anataka nini huyu?" Dada wa kazi hasemi kitu, akimwona tu amesimama karibu na ndoo anachota. Mdogo wake anamnywesha kikombe chake. Watu watano, lugha tano, na mtoto katikati hana sababu hata moja ya kuomba.

Mwalimu akaniambia maneno ambayo natamani yangebandikwa kila kliniki: "Mama, mimi ninakaa naye kwa saa 5 tu. Saa 19 zilizobaki ni zenu. Nyumba yenu isipokuwa na neno moja, ninalolifundisha asubuhi linakufa mchana."

Basi dada, jibu langu ndilo hilo. Nilichotakiwa kuanza nacho ni kuisomesha nyumba.

Tulikaa kikao usiku, wote, na dada wa kazi akiwemo, maana ndiye anayekaa na mtoto kuliko sisi. Tukakubaliana: maji ni "maji". Si "unataka maji", si "kunywa". Unashika kikombe mbele ya macho yake, unasema "maji", unasubiri. Kusubiri ndiyo kazi. Kwa anayempenda mtoto, kusubiri sekunde 10 ni kama kusubiri basi la mwendokasi. Tukakata picha kwenye kalenda za zamani na mifuko ya unga, duka la steshenari wakatulaminishia. Kadi inatolewa mkononi mwa mtu, ndipo kitu kinapatikana. Hilo si langu, ni mtindo ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na siri yake ni kwamba mtoto anamwendea mtu. Mzee alikuwa hodari wa kujichotea. Hakuwahi kujua kwamba binadamu mwingine ana faida. Na mnaoogopa kwamba kadi zitamzuia kusema, hazizuii. Wa kwangu "maji" ilirudi akiwa na kadi mkononi.

Ratiba yake tumeitundika kwa kamba ya kuanikia nguo na vibanio: chai, kuoga, bajaji, shule, kula, feni. Kilichokwisha kinashushwa. Nasisitiza ratiba. Mkiniuliza la pili nitawaambia ratiba. La tatu pia.

Feni ni ya baba yake. Baba Mzee ni fundi wa feni na redio, na kwa miaka mingi alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi mtoto amelala, na nadhani alipanga iwe hivyo. Siku moja mimi nilikuwa na malaria, akalazimika kwenda naye kibandani. Mtoto akakaa kwa muda wa saa 3 akitazama mapanga yakizunguka, ametulia kuliko alivyowahi kutulia kwenye mikono yangu. Jioni mume wangu alirudi akaniambia, "Huyu mtoto anasikia beringi ikiwa mbovu kabla yangu." Tangu siku hiyo ndiye anayemwogesha. Akina baba, nasema nanyi sasa: mtoto hahitaji ulie, anahitaji ujue kadi ya chooni iko wapi. Mnaohama na kuoa kwingine mkidhani damu imebaki kwa mke wa kwanza, rudini juu mkasome tena habari za mapacha.

Nikemee wengine bila kujikemea? Nami nimewahi kumpiga Mzee. Kofi, ndani ya daladala, njia ya Kariakoo, honi zinalia, amejitupa chini anajing'ata mkono, na konda anasema "Mchape huyo, mama, atanyamaza." Nikamchapa ili abiria waone nami ni mama. Hakunyamaza. Alikuwa anakimbia kelele, mimi nikamwongezea maumivu. Siku hizi tunapanda saa 4 asubuhi, magari yakiwa matupu, na kofia ya baba yake imemfunika masikio. Konda akinishauri namwonyesha kiti chake.

Shuleni nenda na karatasi ya ukurasa mmoja kuhusu mtoto wako: kinachomtisha, kinachomtuliza, anaombaje choo. Mkinyimwa nafasi, msiishie kwa mwalimu mkuu. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma kama wengine. Mimi safari ya kwanza nilienda na machozi, nikapewa kiti na pole. Safari ya pili nilienda na barua, ikapigwa mhuri. Na msidhani kutolipa ada ni kumaliza gharama. Bajaji ya kwenda na kurudi inanila kuliko chakula.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto kama hawa: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na kinachofundishwa humo ni kugeuza mchezo, kula na kufua kuwa somo. Nilipousoma mpango huo nilimcheka mwalimu wetu: kumbe wazungu wamekuiga.

Mnataka kujua za mkate? Tulianza kadi ya mkate mezani. Kisha akawa anampa baba yake mlangoni, baba akijifanya muuzaji. Kisha kwa Mangi, nimemshika mkono. Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa kurudia tu. Mangi naye ilibidi tumsomeshe, maana siku moja kwa huruma alimpa pipi mbili za bure kabla hajatoa kadi, na tukapoteza wiki mbili, Mzee akienda dukani mikono mitupu kusubiri sadaka. Mangi alikuja kuomba radhi nyumbani. Sasa hata wateja wake wanajua: mtoto akitoa kadi, watu wananyamaza.

Jana nilimpigia yule dada wa mkoani, nikamuuliza la maji. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja niwaulize wote, nitakupigia." Bado hajanipigia.

Ile chenji ya 500 Mzee hajanipa mpaka leo. Amegundua kwamba ukiisimamisha sakafuni na kuisukuma kwa kidole, inazunguka vizuri kuliko mfuniko wa sufuria.