Sisti ya epidermoidi na sisti ya pila: zitofautishe kabla hujashika kisu

Ukianza kazi kwenye chumba cha upasuaji mdogo, haitachukua muda utaletewa kinundu cha mviringo chini ya ngozi, kisichouma, ambacho mgonjwa anakiita "uvimbe wa mafuta". Hata kwenye faili utakuta kimeandikwa sisti, yaani mfuko uliofungwa, ya tezi ya mafuta. Jina hilo liache. Ndani yake hamna mafuta ya tezi. Kilichojaa ni keratini, protini ileile ya kucha na nywele, inayobanduka kwenye ukuta wa mfuko na kukosa pa kutokea.

Jina hilo moja hufunika sisti mbili, na zote huanzia kwenye kinyweleo. Epidermoidi hutokana na sehemu ya juu, pale kinyweleo kinapofungukia nje. Kwa hiyo ukuta wake unafanana na ngozi ya juu, una tabaka la chembechembe (seli zenye punje ndogo, hatua ya kabla ya kugeuka keratini), na keratini yake imepangana kama maganda ya kitunguu. Pila huanzia chini kidogo, kwenye ala ya nje ya mzizi wa unywele. Huko seli hugeuka keratini ghafla, bila kupitia tabaka la chembechembe, na kinachojaa ni kitu kizito cha namna moja, mara nyingine chenye punje za chokaa. Ni ndugu wa nyumba moja, ila kwenye kisu kila mmoja ana tabia yake.

Anza na mahali. Takribani sisti 9 kati ya 10 za pila ziko kichwani penye nywele. Mara nyingi huwa zaidi ya moja, na hurithiwa, kwa hiyo muulize mgonjwa kama mama au baba yake anazo. Epidermoidi hupenda uso, shingo, kifua, mgongo na mfuko wa korodani. Kisha washa taa, tandaza ngozi kwa vidole viwili, utafute kitundu cheusi kidogo sana juu ya kinundu. Epidermoidi huwa nacho mara nyingi, na hapo ngozi imeshikana na sisti, haiteleziki juu yake. Pila kwa kawaida haina.

Ganzi ipigwe kuzunguka sisti, kamwe si ndani yake. Ukiijaza, shinikizo hupanda na uchafu huruka kupitia kitundu hadi machoni mwako, vaa miwani. Lignokeini, dawa ya ganzi, ya 1% ina miligramu 10 katika kila mililita. Isipochanganywa na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu), kipimo salama cha kukumbuka ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anaishia mililita 18, na kinundu cha kawaida hakihitaji hata nusu yake.

Pila ni rahisi: mkato mmoja ulionyooka wa kisu namba 15, usioingia ndani ya sisti, kisha tenganisha pembeni kwa koleo lenye ncha iliyopinda. Ukuta wake ni mnene, hivyo huchomoka mzima kama mbegu ya fenesi. Epidermoidi inataka subira. Ukuta ni mwembamba na hupasuka haraka, kwa hiyo kata kwa umbo la jicho, kitundu kikiwa katikati, ukifuata mikunjo ya asili ya ngozi, uondoke na kile kipande cha ngozi pamoja na sisti. Ikipasuka, futa uchafu, osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha ufuatilie ukuta kipande kwa kipande. Kuikamua tu hakutibu. Ukuta ukibaki, sisti inarudi.

Sisti iliyovimba ghafla, nyekundu na yenye maumivu, usiing'oe siku hiyo. Mara nyingi si bakteria walioanzisha: ukuta umepasuka, keratini imemwagika kwenye nyama, na mwili unapambana nayo kama kitu kigeni. Tishu zimeshikamana na hutaona mpaka wa sisti. Kama kuna usaha, pasua utoke, kisha mrudishe baada ya wiki 4 hadi 6 kuja kuondoa mfuko wenyewe.

Kuna vinundu ambavyo hupaswi kuvigusa kabisa. Kinundu cha mtoto kilicho katikati ya pua au ya kichwa kinaweza kuwa sisti ya dermoidi, ya kuzaliwa nayo, yenye njia hadi ndani ya fuvu, kwa hiyo apigwe picha ya ndani ya kichwa kwanza. Kinachodunda kama mapigo ya moyo, rufaa. Kilicho mbele ya sikio kiko jirani na tezi ya mate na mshipa wa fahamu wa uso, mwachie mpasuaji mzoefu.

Kabla ya kukata kifuani au begani, muulize mgonjwa kuhusu makovu yake ya zamani na uyaone kwa macho. Mwenye keloidi, makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, ana haki ya kujua kwamba kovu linaweza kuzidi kinundu chenyewe. Nyuzi za usoni zitolewe baada ya siku 5 hivi, za kichwani 7 hadi 10, za mgongoni 10 hadi 14. Kilichotoka kitie kwenye fomalini ya 10%, ujazo wake ukiwa mara 10 ya kinundu, ukipeleke patholojia, maabara ya kuchunguza tishu, hasa kikiwa kilikua haraka au kilikuwa na kidonda juu.