Nani kakudanganya kwamba Kiholanzi ni Kiingereza kilichopinda?

Mkuu, simama hapo hapo. Ati unakariri orodha ya vitenzi kwanza, mpangilio wa maneno utakuja wenyewe kwa kuwa Kiingereza unakijua? Huo wimbo niliuimba mimi, nikalipia na nauli.

Aliyeniingiza mkenge ni jamaa mmoja wa video za mtandaoni, meno nje muda wote. Anakuonyesha "Wat is dat?" na "Ik drink water", halafu anakwambia umeona, tayari unakijua! Sentensi ya tatu hakuionyesha, mshenzi yule. Tanguliza "morgen", yaani kesho, tu uone: Mwingereza atakimbilia "Morgen ik ga" (kesho mimi naenda), wenyewe wanasema "Morgen ga ik". Kitenzi hakibanduki nafasi ya pili, kiima ndicho kinachopisha. Ukileta "omdat", yaani kwa sababu, kitenzi kinahamia mwisho kabisa: "omdat ik morgen naar Tilburg ga", kwa sababu kesho naenda Tilburg.

Hapo hata ukikosea watakuelewa. Kinachoua ni vitenzi vinavyokatika vipande viwili.

Nilikuwa naishi Groningen, nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya ghala Tilburg. Jioni ya kuamkia usaili, mama mmoja akanipigia: "Ik zeg de afspraak van morgen helaas af." Kwenye orodha yangu, zeggen ni kusema, afspraak ni miadi, morgen ni kesho. Nikajua ananikumbusha. Nikamjibu kwa bashasha, "Ja, tot morgen!" yaani ndiyo, tuonane kesho! Akaanza kusema kitu tena, mimi nishakata simu. Kumbe ile "af" ya mwisho ndiyo iliyobeba habari yote: afzeggen ni kufuta miadi! Asubuhi nikavuka nchi kwa treni, kutoka kaskazini hadi kusini, na tai shingoni. Mlinzi wa getini alinitazama kama nimekuja kudai urithi.

Na "zeg" hiyohiyo ina ndugu. "Ik zeg de huur op": navunja mkataba wa nyumba. "Ik zeg het toe": naahidi. Ukiacha kusikiliza katikati ya sentensi, hujui umeahidiwa nyumba au umefukuzwa.

Kwa hiyo usikariri kitenzi kikiwa peke yake. Hata kimoja! Kila kitenzi kiandikie sentensi tatu, mfano opbellen, kupiga simu:

"Ik bel je morgen op." (Nakupigia kesho.)
"Ik heb je gisteren opgebeld." (Nilikupigia jana.)
"...omdat ik je morgen opbel." (...kwa sababu nakupigia kesho.)

Tazama "op" inavyohangaika: kwanza imetupwa mwisho peke yake, halafu "ge" inajipenyeza katikati, halafu inarudi kugandana na kitenzi chake. Ukikutana na "zeg" barabarani ukaitafuta kwenye kamusi bila "af" au "op" yake, utapata maana isiyo yake.

Ulisema pia de na het, vile vineno vinavyotangulia nomino, zinakusumbua? Zisubiri.

Sentensi zako zisome kwa sauti kubwa. Mimi nilisoma mpaka jirani akagonga ukuta akipiga kelele, "Hou op!" Nikaiandika na hiyo: ophouden, kuacha. "Ik heb de buurman gehoord, omdat ik niet ophield." Nilimsikia jirani, kwa sababu sikuacha.