Nukta sita: kwa nini bado naipenda kriketi ndefu

Ndugu uliyeuliza kama bado yupo mtu anayeweza kutazama mechi moja ya kriketi siku tano, ilhali ile ya ova 20 kwa kila timu (ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja) inaisha kwa saa tatu na ushee: nipo. Ila sikuanza hivyo, na ngoja nikueleze nilivyofika huku.

Kriketi niliijulia kwenye daftari kabla sijashika bati. Mjomba alikuwa mweka alama wa klabu moja hapa Nairobi, na Jumapili alinikalisha kando yake na penseli iliyochongwa vizuri. Mpira ukirushwa na wapigaji wasipate kitu, unaweka nukta. Mrushaji akimaliza ova nzima bila kutoa hata mkimbio mmoja, yaani pointi moja, zile nukta zake sita unaziunganisha kwa mstari, zinakuwa herufi M. Nilipochora M yangu ya kwanza, mjomba aliinama akaitazama, akasema, "Hapo mtu amefanya kazi." Wengine uwanjani walikuwa wanasubiri mpira uvuke kamba. Sisi tulikuwa tunahesabu nukta.

Sasa nenda hadi tarehe 15 Machi 2003, Durban, Kombe la Dunia la ova 50, Kenya dhidi ya Australia. Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alishaacha kuichezea timu ya taifa, akaitwa tena. Nilikuwa mbele ya televisheni na daftari langu magotini. Alirusha mipira 50, akatoa mikimbio 7 tu, akaangusha wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji watatu, nahodha wao Ricky Ponting akiwemo. M sita! Tulishindwa mechi ile, lakini mchezaji bora alikuwa yeye. Ule ukurasa ninao mpaka leo, nukta zimebanana kama ufuta kwenye mkate.

Kwenye T20, ile fupi ya ova 20, mrushaji anapewa ova nne, basi. Karim angefika mpira wa 24 na kusimamishwa, wakati ndiyo kwanza wapigaji wanaanza kutokwa jasho. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu ufupi. Kazi ya kumsumbua mtu akili, kumrushia mpira uleule mara kumi kisha wa kumi na moja ukapinda kidogo, haina nafasi ya kukomaa.

Wapo wanaosema mchezo mfupi ndio unaozibeba timu ndogo. Sikubaliani moja kwa moja. Ushindi wetu mkubwa wote tuliupata kwenye ova 50: West Indies kule Pune, India, mwaka 1996, tulipotolewa kwa mikimbio 166 tu kisha nao tukawatoa kwa 93, na Sri Lanka hapahapa Nairobi, uwanja wa Gymkhana, mwaka 2003, Collins Obuya alipochukua wiketi 5. Halafu likaja Kombe la kwanza la T20, mwaka 2007. Sri Lanka haohao wakatupiga 260 kwa ova 20 pale Johannesburg. Nilijaza nne na sita, alama za mipira inayovuka kamba, mpaka mkono ukachoka, na hapakuwa na muda wa kujikusanya. Ukiteleza ova tatu, mechi imekwenda.

Lakini haki yake niipe T20. Timu ya Uganda haingelionja Kombe la Dunia bila hiyo. Mwaka 2024 kule Guyana, Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4, na M mbili. Nilisimama kochini peke yangu nikipiga makofi. Vijana wa mtaani kwangu walioanza kuuliza "ova ni nini" waliuliza siku ile.

Mechi za siku tano Kenya hatujawahi kuruhusiwa kuzicheza, na pengine ndiyo maana baadhi yenu mnaona si zetu. Mimi nilizipata kupitia Afrika Kusini. Juni 2025, fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi hizo, uwanja wa Lord's, London, dhidi ya Australia: iningi ya kwanza, yaani zamu yao ya kwanza ya kupiga, Afrika Kusini wametolewa kwa 138. Kwenye mchezo mfupi hapo ungezima televisheni. Huku kuna iningi ya pili. Wakahitaji 282 ili washinde, nahodha wao Temba Bavuma akaumia msuli wa nyuma ya paja mapema na akakataa kutoka. Alichechemea jioni nzima akipiga pamoja na Aiden Markram, wakichota moja, moja, mbili. Asubuhi ya siku ya nne Bavuma akatolewa akiwa na 66, Markram akafika 136, na Afrika Kusini wakashinda wakiwa bado na wiketi 5 mkononi. Daftari halionyeshi mtu anayechechemea. Linaonyesha moja nyingi tu, na mimi nilizichora huku koo limenikaba.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, usianze na mpira wa kwanza wa siku ya kwanza, utalala. Fungua siku ya nne baada ya mapumziko ya chai ya wachezaji, timu moja ikiwa inahitaji mikimbio mingi na imebakiwa na wiketi chache. Chukua karatasi na penseli, weka nukta kila mpira usiotoa kitu. Zikitimia sita ndani ya ova moja, ziunganishe, kisha uje hapa utuambie ulijisikiaje.