Jibu: Skana inapoteza mazungumzo kwenye mfumo wa tranki

Mkuu, umeuliza kwa nini skana yako ya kusikiliza redio za mawasiliano hapo Kariakoo inadaka nusu ya mazungumzo kisha inayapoteza. Kwenye mfumo wa tranki, makundi ya watumiaji hugawana masafa machache, na mazungumzo huhamishiwa masafa yaliyo wazi. Anza na chaneli ya udhibiti, maana ndiyo inayoiambia skana kila kundi limehamia masafa gani. Ikisomeka kwa kusuasua, mpangilio mwingine wowote hautakusaidia. Katikati ya jiji mawimbi makali ya redio za FM huilemea skana: washa kipunguza mawimbi, au weka kichujio cha kuzuia masafa ya FM, 88 hadi 108 MHz, kwenye waya wa antena. Wengi hukimbilia antena kubwa, na hapo hali huzidi kuharibika! Muda wa skana kusubiri baada ya mtu kumaliza kusema uwe sekunde 2, usikose majibu. Makundi yaliyosimbwa, yaani ambayo mazungumzo yake yamefichwa kwa msimbo, yafungie nje tu ili skana iyaruke. Na tafadhali, pitia kwanza masharti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.