Kabla ya mnara kulikuwa na kesi

Swali lenu la wiki: "Ni mfanyabiashara gani wa Afrika ambaye safari yake ya kazi inafaa kufundishwa shuleni, na somo liwe lipi?"

Najua wengi watawataja wenye viwanda vya saruji na sukari. Mimi namtaja Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, mwanzilishi wa kampuni ya simu ya Econet, na naomba afundishwe kwenye kipindi cha uraia, si cha biashara.

Nimefanya kazi ya minara ya simu kwa miaka kumi na mmoja. Fundi wa minara hajui mengi, lakini hili analijua mapema: chuma ndicho chepesi kuliko vyote. Saiti, yaani eneo la kujengea mnara, hukwama kwa kibali, kwa hati ya kiwanja, kwa sahihi ya mkubwa fulani ambaye kila ukienda yuko safarini. Karatasi zikikamilika, mnara husimama ndani ya siku chache. Kwa hiyo nilipoisoma habari ya mtu aliyesubiri karatasi moja kwa miaka mitano, nilimwelewa.

Masiyiwa alizaliwa mwaka 1961. Familia yake iliihama Rhodesia, jina la Zimbabwe kabla ya uhuru, angali mdogo, akakulia Kitwe, Zambia, akasoma sekondari Scotland, kisha akachukua shahada ya uhandisi wa umeme Cardiff. Mwaka 1984 alirudi katika Zimbabwe huru, akaajiriwa na shirika la umma la posta na simu, halafu akaacha kazi na kuanzisha kampuni ya ukandarasi wa umeme, Retrofit. Alikuwa bado kijana na biashara ilimwendea vizuri. Angeweza kutulia hapo.

Mwaka 1993 alilifuata shirika lile lile alilowahi kulitumikia, akalitaka waanzishe pamoja simu za mkononi. Likakataa. Akasema basi ataanzisha mwenyewe, akajibiwa kwamba sheria inalipatia shirika peke yake haki ya kuendesha simu nchini. Mwombaji mwingine angetafuta mjomba wizarani. Yeye alikwenda mahakamani, na hoja aliyokwenda nayo ndiyo ninayotaka kila mtoto aijue.

Hakusema "mnaninyima biashara". Alishika ibara ya 20 ya katiba ya Zimbabwe ya wakati ule, inayolinda uhuru wa mtu kutoa na kupokea mawazo na habari bila kuzuiwa. Simu ni chombo cha kutolea na kupokelea habari. Shirika lenye ukiritimba lina simu chache mno, foleni ya wanaosubiri kuunganishwa haina mwisho, na hata walizonazo wachache hazifanyi kazi ipasavyo. Basi anayewazuia wengine kutoa huduma ambayo yeye mwenyewe ameshindwa kuitoa, anawaziba wananchi midomo na masikio. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Anthony Gubbay, ilikubali: ukiritimba ule ulikiuka katiba.

Tafadhali msomaji, isome aya hiyo tena. Majaji walisema kwamba kukosa simu kunaweza kuwa kuvunjiwa haki, na walisema hivyo wakati simu ya mkononi ilihesabiwa mapambo ya matajiri. Mimi ninayevaa mkanda wa usalama na kupanda mita sitini kwenda kubadilisha antena, hukumu hiyo hunigusa kuliko faida ya kampuni yoyote.

Ushindi ule haukumfikisha. Mwaka 1996 Rais Robert Mugabe alitumia mamlaka yake ya kutunga kanuni za muda, na kuendesha simu bila leseni ya serikali kukawa kosa la jinai. Mwaka huo huo mtandao wa serikali, NetOne, ukaanza kazi. Zabuni ya leseni ya kampuni binafsi ilipoitishwa, ikapewa kampuni nyingine. Masiyiwa akarudi mahakamani, na tena. Hata ndani ya serikali hawakuwa wote kitu kimoja: Joshua Nkomo, Makamu wa Rais, alisimama upande wake. Leseni ilipatikana, na Julai 1998 Econet ikawasha mtandao Zimbabwe. Mwaka 2000 Masiyiwa aliihama nchi yake na kuhamishia makazi Afrika Kusini.

Yaliyofuata yameandikwa sana, nitayapita haraka. Nigeria, Januari 2001, leseni zilinadiwa kwa dola milioni 285 kila moja. Kundi lililoongozwa na Econet lilipata moja, na Agosti likawa miongoni mwa wa kwanza kuwasha GSM, mfumo wa simu za mkononi, nchini humo. Masiyiwa amesimulia hadharani kwamba baadaye alitakiwa alipe hongo akakataa, na kampuni ikamponyoka. Mtandao ule ulibadilisha majina mpaka ukawa Celtel, halafu Zain, na leo ni Airtel.

Kinachonivutia mimi kama fundi ni kwamba baada ya hapo aliingia chini ya ardhi. Mnara bila njia ya kupitishia data ni nguzo tu yenye taa. Kampuni yake ya Liquid imelaza na kuunganisha faiba, nyaya nyembamba za kioo zinazopitisha data, nchi kwa nchi, zaidi ya kilomita 100,000, na mwaka 2017 ilikamilisha ununuzi wa Neotel, kampuni ya mawasiliano ya Afrika Kusini. Kisha vikaja vituo vya kuhifadhia data. Faiba ni kazi isiyo na sifa: mteja huijua siku greda linapoikata, na simu ya lawama hulia kwetu.

Jambo moja linanisumbua, na mwalimu atakayefundisha somo hili asilifiche. Aliyeuvunja ukiritimba alikuja kuwa mkubwa kuliko wote sokoni. EcoCash, huduma yake ya kutuma na kulipa fedha kwa simu iliyoanza mwaka 2011, ilienea Zimbabwe kiasi kwamba ilipotetereka, malipo ya nchi nzima yalitetereka. Kwangu hilo halimwondolei Masiyiwa heshima hata kidogo. Linaipa uzito hoja aliyoishinda nayo, kwa sababu majaji hawakuandika kwamba haki ile ni ya mashirika ya umma peke yake kuikosea.

Wengi humsimulia kwa imani yake ya Kikristo na uvumilivu wake, na mwenyewe hulisema hilo wazi. Naliheshimu. Lakini mtoto wa darasa la saba hawezi kuambiwa "vumilia" na kuachwa hapo. Anaweza kupewa maneno ya ibara, hesabu ya simu zilizokuwepo, na hoja ya mwombaji, kisha aulizwe: ungekuwa jaji, ungeamuaje?

Ndiyo maana nina ombi kwa wahariri. Itafuteni hukumu ya Retrofit dhidi ya shirika la posta na simu, mpate mwanasheria wa kuitafsiri kwa Kiswahili kilichonyooka, mkaichapishe hapa kwa sehemu. Sehemu ya kwanza nitaibandika kwenye kontena la vifaa, pale tunapovulia viatu vya kazi.