Jibu: Vijiti viwili au kuzungusha pedi wakati wa kulenga?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuacha vijiti viwili vya pedi (kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi), vinavyosukumwa kwa vidole gumba, na kulenga kwa kuzungusha pedi yenyewe katika Splatoon 3, mchezo wa video wa kurushiana rangi. Naamini inafaa sana, ila usikiache kabisa kijiti cha kulia.

Kijiti hakiamui mahali mlengo (alama ya shabaha kwenye skrini) unapofika, bali huamua kasi ya kuelekea huko, hivyo mchezaji hulazimika kukisukuma kisha kukirudisha katikati kwa wakati sahihi, kazi ambayo ni ngumu kwa kidole gumba chenye nafasi ndogo hivyo ya kusogea. Ndiyo sababu michezo mingi ya vijiti, ikiwemo Halo, mchezo wa kupigana risasi wa mwaka 2001, humsaidia mchezaji kwa kupunguza kasi ya mlengo unapompitia adui.

Kihisi mwendo kilicho ndani ya pedi hufuata mkono moja kwa moja: ukigeuka kidogo, mlengo husogea kidogo, na ukitulia, nao hutulia papo hapo. Splatoon imeutumia mfumo huu tangu toleo la kwanza la mwaka 2015 kwenye Wii U, mashine ya michezo ya Nintendo, huku kijiti cha kulia kikibaki kwa mageuko makubwa ya kamera. Tafadhali usiufananishe na ule wa Wii, mashine iliyotangulia Wii U, ambapo rimoti ilielekezwa kwenye runinga.

Mlengo ukipotea, bonyeza kitufe cha Y ili kamera irudi katikati. Ukicheza huku umeishika mkononi Switch, mashine inayochezewa mkononi au kwenye runinga, skrini nayo huyumba, na hapo ndipo ninapoona udhaifu halisi wa mfumo huu. Kwa hiyo jifunzie kwenye runinga kwanza.