Kula Kwanza, Ndipo Useme Umeshindwa

Mwaka jana, mwezi wa nane, niliendesha kinga, ndiyo baiskeli kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hadi mji wa Kolwezi na kurudi. Mdogo wangu alinifuata na gari, mama amekaa mbele na beseni la chakula mapajani. Wengi wananiuliza namna ya kujiandaa kwa safari kama hiyo. Nitaeleza siku moja tu, ile ya kutoka Kolwezi kurudi Likasi, maana ndiyo iliyonifundisha.

Kwenda hakukunisumbua. Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, nikalala; Likasi hadi Kolwezi ni kama 180, nikafika jua lingali juu. Nikajiona nimekomaa. Kumbe ulikuwa upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo anayekwenda Kolwezi unamsukuma mgongoni, na anayerudi unampiga usoni. Mimi nilipiga hesabu ya kurudi kwa mwendo ule ule wa kwenda, na mama akapika kwa hesabu hiyo hiyo. Ukisafiri kiangazi, kipande cha Kolwezi hadi Likasi kigawe siku mbili, ulale Fungurume, mji ulio njiani.

Halafu malori. Yanayobeba shaba na kobalti kwenda mpakani Kasumbalesa yanakuwa upande wako wakati wa kurudi, tena yamejaa. Lori refu likikupita linakuvuta kidogo kuelekea kwake, kisha likishaondoka upepo unakurudia kwa kishindo. Shika usukani kwa mikono yote miwili, legeza viwiko, tazama mbele. Nilifanya hivyo vizuri mno, hata sikuthubutu kuachia mkono kuchukua chupa wala chakula. Kutoka Kolwezi hadi Fungurume, zaidi ya saa sita barabarani, nilikula ndizi mbili.

Sukari ambayo mwili umejiwekea kwenye misuli na ini haivuki sana saa mbili za kazi ngumu. Baada ya hapo unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi moja ina kama 25. Fanya hesabu mwenyewe uone nilikuwa na deni gani. Kilomita chache baada ya Fungurume miguu ikawa kama si yangu. Nikasikia baridi juani. Chumvi ilikuwa imechora mistari myeupe kwenye shati langu.

Mdogo wangu akaja na gari sambamba nami, akashusha kioo, akaniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, unaweza? Tupakie kinga?" Baada ya dakika chache akarudia. Mara ya tatu nikamfokea vibaya, mbele ya mama. Hilo linaniuma hadi leo. Yule ni baba wa watoto, aliacha kazi zake wiki nzima kwa ajili yangu.

Mama akamwambia asimamishe gari. Akatandika kitenge chini ya mti. "Keti. Usiseme kitu mpaka umalize hii." Akamenya kiazi kitamu cha kuchemsha kwa kidole gumba, taratibu, ganda likitoka kipande kirefu kimoja, akakigusisha kwenye chumvi, akaniwekea mkononi. Kisha kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kisha kiazi cha pili, na cha tatu. Hakuna aliyezungumza. Ilipita kama nusu saa ndipo akasema: "Haya, sasa sema." Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuacha safari na maneno mengine makali kwa mdogo wangu. Sikuyaona tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, kubalianeni na ndugu zako nani ana neno la mwisho la kukusimamisha, na asiwe wewe. Mwenye njaa barabarani hawezi kujihukumu. Wasikuulize "unaweza?", wakupe chakula mkononi, wakutajie kilomita zilizobaki, basi. Na gari lisikufuate polepole nyuma, maana malori yanalazimika kulikwepa na kukukwepa wewe. Litangulie kilomita kumi, lipaki nje ya barabara, likungoje. Kila likikungojea, shuka ule, hata kama husikii njaa. Maji ya kuokolea nayo ni rahisi: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Niliendesha tena, polepole, hadi giza likaanza kuingia kabla ya Mulungwishi. Usiku na malori yale, sikubali, na ninakuomba nawe usikubali. Tulikuwa hatuna kamba ya kufungia kinga juu ya gari. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma kinga yake imejaa magunia ya makala, yaani makaa, akatukatia vipande viwili vya mpira wa ndani uliochakaa, akakataa pesa. Mama akapanga mawe matatu kando ya lami, tukaenda kulala Likasi.

Asubuhi tulirudi mahali pale pale kabla jua halijachomoza vizuri. Jiwe moja lilikuwa limesogea. Mama akashuka wa kwanza, akazunguka, akakanyaga chini: "Ni hapa." Mdogo wangu akafungua ile mipira, akashusha kinga, akanipa ndizi kwanza, ndipo akaniachia usukani.